Mabamba ya zege yaliyoganda ardhini: kung'oa kwanza, kunyanyua baadaye

"Nimepata kazi ya kuondoa sakafu ya uwanja wa ghala la zamani hapa Tanga. Sakafu ni mabamba 40 ya zege, kila moja lina urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na unene wa sentimita 18, nayo yamelala juu ya udongo wa mfinyanzi kwa miaka mingi. Mwenye ghala anataka yatolewe mazima ili akayatandike kwenye barabara ya shambani kwake. Nimekodi kijiko cha magurudumu. Fundi wangu anashauri tutoboe mashimo manne kila bamba, tupigilie vitanzi vya nondo ya milimita 16, kisha tufunge minyororo minne kwenye meno ya ndoo na kuvuta. Anasema minyororo ikiwa minne kila mmoja hubeba robo tu, na kwamba kijiko hikihiki kiliwahi kuvuta lori la tani 20 kwenye tope, kwa hiyo bamba halitakisumbua. Muuzaji mmoja ananishawishi ninunue koleo la kubana zege, na mwingine anasema kifaa cha kufyonza ndicho cha kisasa. Nichukue kipi, na je, njia ya fundi ina ubaya gani?"

Ndugu mkandarasi, umefanya vyema kuuliza kabla ya kuvuta. Nimelisoma swali lako mara mbili, na ninaona kwamba fundi wako pamoja na wauzaji wale wawili wanashindana juu ya namna ya kulishika bamba, ilhali hakuna aliyegusa jambo linalokusubiri mwanzoni kabisa, nalo ni namna ya kulifanya bamba liachane na ardhi. Kung'oa ni kazi moja na kunyanyua ni kazi nyingine. Ajali nilizoitwa kuzitazama katika kazi za aina hii zilitokea pale watu walipojaribu kuzimaliza zote mbili kwa mvuto mmoja.

Tuanze na uzito, kwa sababu hukuutaja, na aliyekukodishia kijiko huenda naye hakukuuliza. Mita 3 mara 2 mara sentimita 18 ni mita za ujazo 1.08. Zege lenye nondo huwa na uzito wa takribani kilo 2,500 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo bamba lako ni tani 2.7. Huo ni uzito wa bamba safi lililooshwa. Sakafu iliyomwagwa moja kwa moja juu ya udongo mara nyingi haina unene sawa, na kila sentimita moja inayoongezeka upande wa chini huleta kilo 150 zaidi. Mfinyanzi nao hausalimu amri kirahisi: tabaka la sentimita 5 likining'inia chini ya bamba zima ni zaidi ya nusu tani. Kwa hesabu zako zote, chukua tani 3.5 na uzishikilie hapo mpaka bamba la kwanza likuthibitishie vinginevyo.

Sasa tuje kwenye kile kinachowashangaza wengi. Bamba la tani 2.7 lililolala kwenye mfinyanzi wenye unyevu linaweza kuhitaji mvuto wa tani 6 ili liachie. Sababu yake si uganga. Unapolivuta juu kwa usawa, chini yake panataka kufunguka nafasi, lakini udongo umekazana kiasi kwamba hewa wala maji hayapati njia ya kuingia upesi kuijaza nafasi hiyo. Kanieneo ya chini, yaani msukumo wa hewa na maji, inashuka, huku hewa ya juu ikiendelea kulikandamiza bamba kwa uzito wake wa kawaida, ambao usawa wa bahari ni karibu tani 10 kwa kila mita ya mraba. Bamba lako lina mita 6 za mraba. Tofauti ndogo tu ya kanieneo, tuseme sehemu moja ya ishirini ya ile ya hewa, inatosha kuongeza mzigo wa tani 3. Ndiyo maana mtu huliona bamba limekataa kabisa, akaongeza gesi, kisha likaachia ghafla kwa mlio wa kufyonza kama mguu unaochomolewa kwenye tope.

Sekunde ile ya kuachia ndiyo inayoua. Mzigo unaporuka kutoka tani 6 hadi tani 2.7 kwa mpigo, mkono wa mashine uliokuwa umejikunja kama upinde unafyatuka, bamba linapanda, minyororo inalegea, halafu bamba linarudi chini na kuikaza tena kwa kishindo. Niliwahi kusimama kwenye saiti moja ambapo bamba lililoachia hivyo liliyumba na kuugonga ukuta wa tofali uliokuwa umbali wa mita mbili. Ukuta ulianguka. Kijana aliyekuwa akishikilia kona "ili lisizunguke" alikuwa ameondoka dakika moja kabla kwenda kunywa maji.

Hoja ya lori la tani 20 nayo inastahili jibu, maana opereta wengi huiamini. Kuvuta lori ni kushindana na tope linaloyashika magurudumu, na mvuto huo ni wa mlalo, kwa hiyo mashine inaegemea ardhi bila hatari ya kupinduka. Kunyanyua ni mizani. Mashine iko upande mmoja, mzigo upande wa pili, na ekseli au miguu ya kuegemea ndiyo kitovu. Tani moja karibu na mashine ni mzigo mwepesi, lakini tani hiyohiyo mkono ukiwa umenyooka mita 5 ni jambo jingine kabisa. Mkono wa nyuma wa vijiko vingi vya magurudumu, ukiwa umenyooka, hubeba tani moja hadi tani moja na nusu. Muombe opereta jedwali la kunyanyulia, ambalo hukaa kwenye kitabu cha mashine au hubandikwa ndani ya kibanda chake. Kwa mashine za kuchimba zinazofuata kanuni za kimataifa, namba za jedwali hilo huwa tayari zimepunguzwa hadi asilimia 75 ya mzigo unaoipindua mashine, au asilimia 87 ya uwezo wa haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yanayosukuma mkono wa mashine, kutegemea ipi ni ndogo. Usiziongeze kwa kubahatisha. Kutoka kwenye namba hiyo uondoe pia uzito wa ndoo, minyororo na kifaa chochote ulichokifunga. Ukishafanya hesabu hiyo utaona kwamba kijiko ulichokodi hakifai kunyanyua mabamba haya yakiwa mazima, ingawa kitakufaa sana kwa kazi nyingine nitakayoieleza.

Kuhusu minyororo minne, fundi wako amekosea kwa namna ambayo hata watu wenye vyeti hukosea. Bamba la zege halipindi kama gunia. Likining'inizwa kwa miguu minne, mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko wenzake hata kwa pete moja, mzigo unahamia kwenye miguu miwili inayotazamana kwa kona, na mingine miwili inabaki kusawazisha tu. Kwa hiyo hesabu miwili. Kisha hesabu pembe. Minyororo miwili iliyosimama wima hugawana mzigo nusu kwa nusu. Ikiinama hadi nyuzi 60 kutoka usawa wa bamba, kila mmoja hubeba asilimia 58 ya mzigo. Kwa nyuzi 45 ni asilimia 71. Na kwa nyuzi 30 kila mmoja hubeba mzigo mzima, kana kwamba mwenzake hayupo. Watu hufunga minyororo mifupi kwa sababu mkono wa mashine haufiki juu, na hapo ndipo pembe inapolala bila mtu kuigundua.

Mnyororo wenyewe utazame pete kwa pete. Ule wa kufungia mizigo kwenye lori si wa kunyanyulia hata ukiwa mnene. Wa kunyanyulia ni wa daraja la 80 au 100, una namba hiyo imegongwa kwenye pete, na una kibati kinachotaja uwezo wake. Mnyororo wa daraja la 80 wenye milimita 10 una uwezo wa tani 3.15 ukiwa mguu mmoja wima. Usio na kibati uutumie kufungia geti.

Vitanzi vya nondo ndivyo vinavyonitia hofu kuliko yote. Nondo iliyopigiliwa kwenye shimo lililotobolewa inashikiliwa na msuguano tu, na msuguano huo hupungua kila bamba linapotikisika. Hata kama ungeigandisha kwa gundi maalumu, nondo ya kisasa yenye mistari ni chuma kigumu ambacho kikikunjwa kwa kipenyo kidogo huanza kupasuka ndani ya mkunjo, mahali ambapo macho hayafiki, kisha hukatika bila kuonya. Zege nalo lina namna yake ya kushindwa: bolti ikivutwa hutoka na kipande cha zege chenye umbo la koni, na kadiri shimo linavyokuwa karibu na ukingo au ufa, kipande hicho hutoka kwa nguvu ndogo zaidi. Zipo bolti zilizotengenezwa kwa ajili ya kunyanyulia zege, zenye jicho linalozunguka, nazo ni njia halali kabisa, ila kina chake, umbali wake kutoka ukingoni na majaribio ya kuivuta huamuliwa na mhandisi aliyeliona zege lenyewe.

Meno ya ndoo hayahitaji maneno mengi. Jino limeshikiliwa na pini ndogo, ukingo wake hukata, na ndoo ikijikunja kidogo mnyororo unateleza. Kuchomelea ndoano mgongoni mwa ndoo, jambo ambalo fundi atalipendekeza ukimkatalia meno, ni vilevile: moto wa kuchomelea hubadilisha chuma cha ndoo, na hakuna anayejua ndoano hiyo inabeba nini. Tumia jicho la kunyanyulia lililowekwa na kiwanda, lenye uwezo wake umeandikwa. Ikiwa mashine ina kiungo cha kubadilishia ndoo haraka, shuka uhakikishe kwa macho kwamba pini ya usalama imeingia. Watu wamekufa kwa kuangukiwa na ndoo iliyodhaniwa imefungwa.

Sasa wauzaji wako. Koleo la kubana ni kifaa kizuri na rahisi: mikono yake imepangwa kama mkasi, hivyo uzito wa bamba wenyewe ndio unaoikaza. Lakini nguvu hiyo hupitia msuguano wa mpira na ubavu wa zege, na ubavu uliopakwa tope au ulioanza kumomonyoka hauna msuguano wa kuaminika. Kuna pia kikwazo ambacho muuzaji hakukwambia. Mabamba yako yamebanana ubavu kwa ubavu, na taya za koleo hazina mahali pa kuingia mpaka jirani aondoke. Litakusaidia kuanzia bamba la pili, tena baada ya kusafisha kingo, na kwa sharti kwamba upana wa mita 2 umo ndani ya mipaka ya koleo lenyewe.

Kifaa cha kufyonza kinavutia kukitazama, na kwenye mabamba mapya yenye uso laini kinaokoa muda mwingi. Hata hivyo, kinategemea hewa ileile inayolishikilia bamba ardhini. Sahani ya kufyonza yenye mita moja ya mraba inashindana na mita 6 za mraba za mfinyanzi, na katika kuvutana huko mfinyanzi unaweza kushinda. Uso wa uwanja uliopitiwa na malori kwa miaka una mikwaruzo, nyufa na mafuta, na kila ufa ni mlango wa hewa. Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni mwinuko: ukikichukua kifaa hicho kutoka Tanga ukakipeleka Mbeya, palipo na mwinuko wa karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi na uwezo wa kushika unapungua kwa takribani moja ya sita hadi moja ya tano. Kwa kazi yako, nisingekishauri.

Ningefanya hivi kama kazi ingekuwa yangu. Kwanza ningelitoa bamba moja la pembeni sadaka. Lipasue kwa nyundo ya haidroliki, ondoa kifusi, na sasa umepata nafasi, umeona unene halisi, umeona kama kuna nondo au wavu tu, na umeona kama bamba moja limeunganishwa na jirani yake kwa vyuma vilivyopita kwenye kiungo. Vyuma hivyo vikiwapo, viungo vyote vikatwe kwa msumeno wa zege kabla ya kuvuta lolote, na maji yatumike wakati wa kukata, kwa kuwa vumbi la zege huharibu mapafu polepole. Mwenye ghala akilalamikia bamba moja lililopotea, mweleze kwamba bila hilo utampotezea matano.

Baada ya hapo kijiko chako kinaingia kazini, lakini kwa kung'oa tu. Opereta aingize ndoo taratibu chini ya ukingo ulio wazi na kuinua upande mmoja kwa sentimita 10 hadi 15. Kwa kuinua upande mmoja, bamba linaegemea upande wa pili na mashine inabeba karibu nusu ya uzito, na muhimu zaidi, hewa inaingia kama unavyofungua kurasa za kitabu badala ya kukivuta chote kwa mkupuo. Asikimbilie kuongeza nguvu. Ashikilie na kusubiri, kwa sababu dakika mbili za kungoja hewa ipenye hufanya kazi kuliko gesi. Ukingo ukishanyanyuka, sukuma vipande vya mbao ngumu kwa mti mrefu, kamwe si kwa mkono. Ikiwa kazi za namna hii zitakuwa nyingi mbele yako, zipo ndoo zilizotengenezwa kwa ajili ya kuondolea sakafu, zenye vidole virefu bapa vinavyoteleza chini ya bamba bila kuchimba udongo, na kati ya vifaa vyote ndicho ningekutajia cha kununua.

Kunyanyua kufanywe na ekskaveta, yaani mashine kubwa ya kuchimba, ya tani 20 hivi au lori lenye winchi, baada ya jedwali lake kuthibitisha tani 3.5 kwa umbali halisi mtakaofanyia kazi. Pitisha mikanda miwili ya kunyanyulia chini ya bamba, kila mmoja sentimita 60 kutoka mwisho wa urefu. Kipimo hicho hakikuchaguliwa kwa kupendeza. Bamba la sakafu lilisanifiwa kulala, na likishikwa ncha zote mbili hupinda katikati na kupasuka upande wa chini. Likishikwa kwenye moja ya tano kutoka kila mwisho, nguvu inayolipinda hupungua karibu mara tano. Ncha za juu za mikanda zifungwe kwenye boriti ya kunyanyulia ili ishuke wima, kwani bila boriti mikanda huinama na kuteleza kuelekea katikati. Kwa viwango vya Ulaya mkanda wa kijani ni tani 2, wa manjano tani 3 na wa kijivu tani 4, na mkanda unaopita chini na kurudi juu wima hubeba mara mbili ya namba hiyo. Kila kona ya zege iwekewe kinga, hata kipande cha mpira mnene wa tairi, kwa maana kona ya zege hukata mkanda kama kisu. Mkanda uliochanika au uliopoteza lebo usiutumie.

Nyanyua sentimita 20, simama, hesabu dakika moja, na utazame: kuna ufa unaofunguka? Kuna upande unaoshuka? Tope linalodondoka lidondokee hapo. Watu wawili wakae mbali huku wakiliongoza bamba kwa kamba, mmoja tu ndiye atoe ishara kwa opereta, na hakuna anayepita chini yake kwa sababu yoyote. Kwenye lori, mabamba yalazwe juu ya boriti za mbao kwenye sentimita 60 zilezile, na mbao za juu zisimame sawa na za chini yake, la sivyo utafika shambani na vipande.

Nikiri pia kwamba huenda hesabu ikakataa. Ikiwa bamba la sadaka litaonyesha halina nondo, limejaa nyufa, au nondo zake zimeoza, kulitoa zima ni gharama isiyo na malipo. Kulikata nusu kwa nusu kwa msumeno kunakupa vipande viwili vya takribani tani 1.35 ambavyo mashine ndogo huvimudu kwa karibu, na kulivunja lote kunampa mwenye ghala kifusi kizuri cha kutandaza chini ya barabara yake, pengine bora kuliko mabamba yanayocheza. Mweleze hivyo kabla ya kusaini bei.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi. Ukikuta nyaya za chuma zilizovutwa ndani ya zege badala ya nondo za kawaida, acha msumeno chini na umwite mhandisi, kwa sababu nyaya hizo hushikilia nguvu kubwa na hufyatuka zikikatwa. Uwanja wa ghala la zamani unaweza kuficha tangi la mafuta, shimo la maji taka au kebo ya umeme, kwa hiyo waite watu wa umeme na wa maji waje waonyeshe mistari yao, na uchimbe mashimo ya majaribio pembeni. Vifaa vya kunyanyulia, yaani minyororo, mikanda, boriti na mashine, vinapaswa kuwa na ripoti ya ukaguzi kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na ofisi ya OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, itakueleza ni nani anayeruhusiwa kuvikagua. Anayekukodishia ekskaveta aitoe ripoti hiyo kabla mashine haijapanda lori kuja kwako. Na bamba la sadaka likishatoka, piga picha za ubavu wake ukiwa umeweka futi kamba kando, uzipeleke kwa mhandisi pamoja na kipande chenye nondo, kisha mwache opereta apumzike mpaka jibu lirudi.